Mama Perez wa Muhoroni

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo na kung'arisha viatu vya shule, Debra alikuwa na kazi moja ambayo wenzake wa Gredi ya Sita hawakuwa nayo. Aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani ya mama yake, akashika simu ya mama, akamsomea ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mama Debra alikuwa fundi wa sare za shule katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, na fundi akishaanza kushona hana mkono wa kushika simu. Mkono mmoja unasukuma kitambaa, wa pili unakivuta, na miguu inakimbia mbio bila kufika popote.

"Leo wameandika nini?" Mama Debra aliuliza.

"Bwana Robinson ametuma picha ya waridi. Chini yake imeandikwa 'Asubuhi njema'."

"Saa hizi? Jua si linazama?"

"Labda ni asubuhi ya kesho, Mama. Ametuma mapema."

"Na wengine?"

"Kuna mtu ametuma maombi marefu. Anasema tuwatumie watu wengine upesi, kabla baraka hazijapita. Halafu kuna sauti ya Mama Nduta."

Debra aliibonyeza. Walisikia kuku akilia, kisha mlango ukijibamiza, kisha Mama Nduta akimgombeza mtu kwamba hiyo si sufuria ya chai. Halafu kimya. Ni wazi kwamba Mama Nduta hakujua kuwa anarekodi.

Mama Debra alisimamisha cherehani, akatoa pini mdomoni. "Mimi nilianzisha kundi la biashara," alisema. "Sasa nina bustani ya maua na banda la kuku."

Kundi hilo la WhatsApp liliitwa Biashara Mkono kwa Mkono. Mama Debra aliwaingiza wafanyabiashara wote aliowafahamu. Alikuwemo Bwana Robinson, muuza vipuri vya pikipiki, mwenye pikapu ya bluu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa. Alikuwemo Mama Nduta, aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri zamani na kufungua duka la ndoo na sufuria. Alikuwemo Mzee Joram, muuza mchele wa Ahero, mtu mpole ambaye hata akipiga chafya huomba radhi. Na wengine wengi, kutoka Kondele hadi Katito.

Nia ya Mama Debra ilikuwa wajuane, wafundishane kazi, kisha wakodi lori moja la kuwaletea bidhaa kutoka Nairobi. Kila mmoja alikuwa akilipia gari lake peke yake na kurudi akilia peke yake.

"Lakini watu hawapakii mizigo kwenye lori moja na mtu wasiyemwamini," alimwambia Debra. "Wasipozungumza hawatajuana. Wasipojuana, hakuna lori. Na nisipopata vitambaa kwa bei nafuu kabla ya shule kufunguliwa, nyathina, kibanda changu cha sokoni nitakifunga."

Aliposema "nyathina", yaani mwanangu, alimtazama Debra machoni. Akarudisha pini mdomoni, akaendelea kushona.

Debra alilala akiwaza. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi. Alikuwa pia mtoto wa kutulia nje huku ndani akichemka kama sufuria ya maharagwe.

Kabatini kulikuwa na simu ya zamani ya Mjomba Calvince, kioo chake kimepasuka kama utando wa buibui. Mjomba aliiacha pamoja na laini yake alipohamia Nairobi. Debra aliichaji. Kesho yake jioni, simu ya mama ikiwa mkononi, aliiingiza ile namba kwenye kundi.

"Kuna mtu mpya, Mama," alisema, macho yakiwa kwenye dari. "Ameomba kuingia. Anaitwa Mama Perez, wa Muhoroni."

"Karibu yake," alisema Mama Debra. "Anauza nini?"

Debra hakuwa amefikiria hilo. Muhoroni aliijua kwa miwa tu. "Sukari nguru," alisema.

Usiku haujaingia sawasawa, Mama Perez akaandika: "Hamjambo ndugu zangu. Leo mteja ameonja sukari nguru yangu, akaonja, akaonja tena, akasema ameshiba, akaenda zake. Nyinyi mngefanyaje?"

Yawa! Kundi lililipuka. Bwana Robinson alisahau mawaridi. "Mama, onjesha kwa ncha ya kisu, si kwa kijiko!" aliandika. Mama Nduta akasema hayo si kitu: kuna mtu aliingia dukani kwake mvua ikinyesha, akavaa ndoo mpya kichwani, akasema anaijaribu. Mvua ilipokwisha akaivua, akasema haimtoshi. Muuza viazi wa Katito, ambaye hakuwahi kuandika neno tangu aingie, alisimulia jinsi anavyowatuliza wateja wa namna hiyo. Debra alisoma yote kwa sauti, na Mama Debra alicheka hadi uzi ukakatika.

"Huyu mama ana akili," alisema, akifuta machozi. "Anajua kuuliza."

Debra alisikia raha ambayo hajawahi kuipata kwa kuoga wala kwa kula chapati. Tangu siku hiyo, Mama Perez hakulala. Aliuliza mteja anayekopa akikupita barabarani umsalimie vipi. Aliuliza bei ipandishwe kwa ujasiri au kwa kunong'ona. Watu walijibu, wakabishana, wakafundishana. Hata habari ya lori ilianza kutajwa, na si na Mama Debra peke yake.

Shuleni, mtu mmoja tu alijua siri hiyo: Akello, rafiki yake wa dawati moja.

"Mama Perez hajambo?" Akello aliuliza wakati wa uji.

"Nyamaza wewe!"

"Nauliza tu kwa heshima. Watoto wake ni wangapi sasa?"

"Wanne."

"Juzi ulisema watatu."

Debra alikuna kichwa. "Mmoja ni wa jirani."

"Huu uongo wako umekua," alisema Akello, akilamba kikombe. "Karibu utahitaji sare."

"Si uongo. Ni kusaidia kundi. Nani ameumia?"

Akello alikuwa ameshaondoka na kikombe chake, kwa sababu uji ulikuwa umebaki kidogo na foleni ya kuongezewa ilikuwa inaanza.

Ikawa siku moja wanakundi wakachoka kusoma. "Mama Perez," aliandika Mama Nduta, "kila siku unatuchekesha na sauti yako hatuijui. Hebu zungumza leo tukusikie." Wengine wote wakaunga mkono. Bwana Robinson, ambaye alipenda kutuma sauti ndefu kama mahubiri, alisema mtu asiyetuma sauti ana lake jambo.

Debra aliingia chooni na simu ya Mjomba. Alijifunga leso ya mama puani na mdomoni, akaifanya sauti nzito kadiri alivyoweza. "Ndugu zangu," alisema kwa mkwaruzo, "mimi ni Mama Perez…" Hapo sauti yake ya kitoto ikataka kuchomoza, akaifunika kwa kikohozi. Akakohoa tena ili kile cha kwanza kisionekane cha bahati mbaya. Alipomaliza alikuwa amekohoa zaidi ya kusema. Akatuma.

Alirudi kwenye kigoda na kukuta mama yake amesimama, cherehani imeachwa, simu mkono mmoja, mwingine kifuani.

"Umesikia kifua cha huyo mama?" aliuliza Mama Debra. "Huyo ni mgonjwa!"

Kundi zima lilisikia hivyohivyo. Mama Nduta alisema kikohozi kama kile alikisikia mara ya mwisho kwa ng'ombe wa baba yake. Muuza viazi alisema achemshe tangawizi. Bwana Robinson akataka kumtumia pesa kidogo za dawa kwa simu, lakini kabla hajathibitisha, jina la mwenye laini likatokea.

"Mbona Mama Perez anaitwa Calvince?" aliuliza.

Debra aliliruka jina hilo akimsomea mama, akaanza kutunga jibu. Lakini wakubwa wakijipangia jambo hawahitaji msaada wa mtoto.

"Hiyo ni laini ya mumewe," alijibu Mama Nduta. "Waume wengine hawataki mke awe na laini yake. Ndiyo maana mama wa watu anaumwa kimyakimya."

"Basi tusitume," alisema Bwana Robinson. "Huyu Calvince atakula dawa ya mgonjwa. Twendeni wenyewe."

Na wote wakakubali. Huku kwetu mtu akiugua katika chama chenu hamtumi salamu za mbali mkajiona mmemaliza. Mnachanga unga, sabuni na kuku, mnafunga vitambaa vya kichwa, mnakwenda kumwona kwa macho. Tena kinachotolewa kwa ajili ya mgonjwa kimeshatoka nyumbani, hakirudi. Kukirudisha ni kama kumwambia apone kwa gharama yake.

Debra alikimbilia simu ya Mjomba. "Msije," aliandika Mama Perez. "Nimepona."

"Mgonjwa wa kweli ndiye anayekataa wageni," alijibu Mama Nduta.

"Njia ya kwangu ni mbovu sana."

"Pikapu yangu imepita kubaya zaidi," alijibu Bwana Robinson.

"Mbwa wangu ni mkali."

"Tutamletea mfupa," aliongeza Bwana Robinson.

Mama Debra ndiye aliyeandika la mwisho, au tuseme Debra aliliandika kwa niaba yake, mama akimtajia maneno kutoka kwenye cherehani: "Dada yetu, wewe ndiye uliyetufanya tuzungumze. Jumamosi tunakuja. Na hapohapo kwako, mbele yako, tutakubaliana habari ya lori."

Jumamosi ilifika bila kumwonea Debra huruma. Bwana Robinson aliweka turubai nyuma ya pikapu ili wageni wasichafuke. Wakapanda Mama Debra, Mama Nduta, na wanakundi wengine waliovaa kama watu wa harusi. Debra alipachikwa katikati na kupewa kuku ampakate.

"Wewe lazima uje," mama yake alimwambia. "Ndiwe uliyekuwa unanisomea maneno yake. Umwone kwa macho yako."

Kuku yule alikuwa mwekundu, mnene, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Alimkazia Debra jicho moja. Debra akageuka upande wa pili. Kuku naye akageuza kichwa, akamkazia jicho lingine.

Njia nzima waliimba. Walipofika Ahero, kwenye tambarare ya mashamba ya mpunga, Bwana Robinson alisimamisha pikapu kando ya barabara. Mama Nduta alikuwa amesema huwezi kumpelekea mgonjwa unga bila mchele, na mchele mzuri ulikuwa hapo. Wauzaji walikuwa wamepanga magunia yao mstari mmoja. Katikati ya mstari ule kulikuwa na kibanda kimoja kitupu, tope limekauka kwenye nguzo zake hadi kiunoni mwa mtu. Juu yake kulikuwa na ubao: JORAM, MCHELE SAFI.

Debra alisoma ubao ule. Akausoma tena.

Alikumbuka. Mvua kubwa ziliponyesha, Mzee Joram alikuwa ameandika ujumbe mmoja kwenye kundi: "Maji yameingia kwangu. Mwenye turubai naomba. Samahani kwa usumbufu." Debra aliuona. Lakini wakati huohuo Mama Perez alikuwa na mzaha wake tayari, wa ng'ombe aliyekula sukari nguru ya mteja na kukataa kutoka kwenye foleni. Akautuma. Watu wakacheka, wakaweka emoji za machozi ya kicheko kutoka juu hadi chini ya kioo, na ujumbe wa Mzee Joram ukasombwa. Debra hakumsomea mama yake. Tangu siku hiyo Mzee Joram hakuandika tena, na hakuna aliyeuliza yuko wapi.

"Mama," alisema. "Mama!"

"Nini tena? Kuku amekunyea?"

"Mama Perez hayupo."

"Yupo Muhoroni. Bado kidogo tufike."

"Hayupo popote. Ni mimi." Debra alianza kulia, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo mmoja. "Ni mimi na simu ya Mjomba Calvince. Kikohozi ni changu. Nilitaka kundi lichangamke ili upate lori."

Wauza mchele waliacha magunia yao wakasogea, maana waliona hii ni bora kuliko kuuza.

"Ngoja," alisema Bwana Robinson polepole. "Na mbwa?"

"Hakuna mbwa, Bwana Robinson."

Bwana Robinson alitazama mfupa mkubwa aliokuwa ameufunga kwenye gazeti. "Na Calvince, hamtesi mkewe?"

"Hana mke. Yuko Nairobi."

"Mimi nimemsema vibaya kanisani!"

Lakini Mama Nduta hakucheka. Alishuka kwenye pikapu, akasimama barabarani. "Mimi nilimweleza Mama Perez mambo ya duka langu ambayo hata mume wangu sijamwambia," alisema. "Kumbe nilikuwa namweleza mtoto wa shule! Mama Debra, nani mwingine kwenye kundi lako si mtu? Wewe mwenyewe ni mtu? Lori nisahauni. Sipakii ndoo zangu na watu wa kubuniwa."

"Mama Nduta, mimi sikujua," alisema Mama Debra.

"Simu ni yako. Mtoto ni wako."

Mama Debra alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama leso ya mkononi. Debra aliona afadhali angechapwa. Alifuta kamasi kwa kiganja, akanyoosha kidole.

"Mama, kile ni kibanda cha Mzee Joram. Yeye yupo kweli. Aliandika kwamba maji yameingia kwake, akaomba turubai. Niliuona ujumbe wake, nikauzika chini ya mzaha. Tafadhali twende tumwone. Mtaniadhibu baadaye."

Wote walitazama kile kibanda kitupu. Bwana Robinson alitazama turubai lililokuwa chini ya miguu ya wageni. Mama Nduta alitazama barabara ya kurudi Kisumu, kisha unga, kisha kuku.

"Kuku wa mgonjwa harudi nyumbani," alisema mwishowe, akipanda tena kwa hasira. "Nakwenda kwa sababu ya kuku. Msidhani nimesamehe."

Muuza mchele mmoja aliwaelekeza. Nyumba ya Mzee Joram ilikuwa mwisho wa njia nyembamba katikati ya majaruba ya mpunga. Maji yalikuwa yameshapungua, yakaacha mstari wa tope ukutani juu ya kitasa cha mlango. Mzee Joram alikuwa ameketi nje, mguu umevimba, umefungwa kwa kitambaa, na magunia ya mpunga yaliyolowa yamelundikana karibu naye yakianza kunuka.

"Hodi!" aliita Mama Debra.

Mzee Joram aliwatazama wageni wale wenye nguo za harusi. "Karibuni," alisema. "Samahani, sikujua kama kuna sherehe."

"Tumekuja kukuona, Mzee."

"Mimi?" Aligeuka nyuma, kama vile kuna Joram mwingine. "Nani amewaambia?"

Debra alisogea mbele na kuku wake. "Uliandika mwenyewe, Mzee. Nikasoma. Halafu nikaandika mzaha juu yake. Mama Perez ni mimi. Nisamehe."

Mzee Joram alimkazia macho. "Ule wa ng'ombe kwenye foleni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nilicheka sana," alisema. "Nilikuwa nimesimama juu ya meza, maji yako chini, nami nacheka. Nusura nianguke. Kisha nikangoja mtu aniulize habari ya turubai. Nilipoona hakuna, nikasema wana mambo yao, nikazima simu nisimalize chaji. Baadaye nilijaribu kuburura magunia peke yangu, ndipo mguu huu ukateguka."

Mama Nduta aligeuza uso. Alikuwa ameweka emoji nyingi za kicheko kuliko mtu yeyote siku ile, na alikumbuka vizuri. Alipandisha sketi yake ya harusi, akaifunga kiunoni, akashika gunia la kwanza.

"Bwana Robinson!" alifoka. "Turubai hilo ni la kukalia au la kuanikia?"

Basi ikawa kazi. Bwana Robinson alitandaza turubai juani, akabeba magunia yaliyolowa kwa bega lake mwenyewe, shati jeupe likawa rangi ya tope. Wengine walimwaga mpunga na kuusambaza, wakachambua uliooza. Mama Debra alifua matandiko ya mzee. Debra alisomba tope la ndani kwa sepetu mpaka mikono ikawa na malengelenge, na hakuna aliyemwambia apumzike, naye hakuomba. Mpunga mwingi ulikuwa umeharibika, lakini ule wa ndani ya magunia ulikuwa bado mzima. Wakati jua linaanza kupoa, ulikuwa umetandazwa uani kama mkeka wa dhahabu, na ndege wakitua Mama Nduta aliwafukuza kwa kuwagombeza.

Walipoketi kunywa uji, Mama Nduta alimtazama Bwana Robinson juu ya kikombe chake. "Wewe nilidhani ni mdomo tu," alisema. "Leo nimekuona umebeba magunia ya mtu bila kuombwa. Ndoo zangu unaweza kupanda nazo lori."

"Na vipuri vyangu?"

"Vikae mbali, vina grisi."

Mama Debra aliinua kichwa. "Mama Nduta, ina maana lori lipo?"

"Lipo. Mchele wa Mzee Joram utakwenda nalo Nairobi, bidhaa zetu zitarudi nalo. Lakini nataka kusikia kundi litaendeshwaje, na huyu mtoto atafanywa nini."

Ndipo Mama Debra akamgeukia binti yake. Sauti yake haikuwa ya ukali, na kwa sababu hiyo Debra aliisikiliza zaidi.

"Maswali yako yalikuwa mazuri, nyathina. Sisi wakubwa tulikuwa tunatumiana maua, wewe ukatufundisha kuulizana. Ungeuliza kwa jina lako, au kwa jina langu, tungejibu vilevile na kucheka vilevile. Lakini uliweka mtu wa uongo katikati yetu, na huruma yetu yote ikamwendea yeye. Unga wake, sabuni yake, kuku wake. Na mtu wa kweli akabaki juu ya meza. Ulimuuliza Akello nani ameumia…"

Debra alishtuka. "Akello amekwambia?"

"Akello aliniambia leo asubuhi nikusikilize vizuri njiani, na kwamba ulimuuliza nani ameumia. Hakusema zaidi. Nani ameumia, sasa umemwona. Uongo wa kusaidia nao una mtu wake wa kumuumiza, ila humwoni mpaka umfikie mlangoni. Utaomba radhi kwenye kundi kwa sauti yako mwenyewe, bila leso wala kikohozi. Simu ya Mjomba itamrudia mwenyewe. Na kila jioni, kabla ya kunisomea waliosema, utaniambia ni nani aliyenyamaza, ili tumpigie."

"Ndiyo, Mama."

"Nasi tuliocheka," aliongeza Mama Nduta akijikuna shingo, "tusome kwanza kilichoandikwa kabla ya kicheko."

Mfupa ulipewa mbwa wa jirani. Kuku Mzee Joram alikataa kumchinja. Alisema mgeni aliyesafiri vile, akiwa amefungwa miguu na kupakatwa na mwongo, anastahili kupumzika. Akamfungua kamba.

Lori lilikwenda na likarudi kabla ya shule kufunguliwa. Mama Debra alishona sare mpaka cherehani ikapata moto, na kibanda hakikufungwa. Kila jioni Debra aliketi kwenye kigoda na kuanza na waliokuwa kimya. Wengine walikutwa na homa, wengine na madeni, na mmoja alikuwa amesahau tu neno la siri la simu yake.

Jioni moja iliingia picha kutoka Ahero. Debra aliitazama, akaanza kucheka peke yake.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Debra, pini mdomoni.

"Ni Mzee Joram, Mama. Ametuma picha ya yule kuku wetu yuko juu ya majani makavu. Anaomba samahani kwa usumbufu, lakini anataka kundi lijue kwamba Mama Perez ametaga."